Gridi Isisahaulike Darasani

Mwanafunzi wa sekondari wa Dodoma akiulizwa maana ya neno "gridi", hujibu mara moja kwamba ni Gridi ya Taifa. Jibu hilo ni sahihi. Ameziona nguzo ndefu za chuma zinazovuka mbuga na vichaka vya uwanda wa kati kutoka Iringa na Mtera, kuja Dodoma, kisha kuendelea Singida na Shinyanga. Huenda pia amejifunza katika jiografia kwamba kituo cha Mtera, katika Mto Ruaha Mkuu, kilianza kutoa umeme mwaka 1988 na kwamba uwezo wake ni megawati 80. Lakini iko gridi nyingine, ndogo kiasi cha kutoshea juu ya ncha ya kidole, ambayo ndiyo iliyoiwezesha dunia kupata redio yenye sauti ya kusikika nyumba nzima, simu ya masafa marefu, televisheni na kompyuta za kwanza za elektroniki. Gridi hiyo ya pili mwanafunzi huyo haijui, na mara nyingi mwalimu wake hapati nafasi ya kumweleza.

Hoja ya makala haya ni kwamba kusahauliwa kwa gridi hiyo ni hasara, na kwamba hasara hiyo yaweza kurekebishwa kwa kipindi kimoja au viwili tu vya darasani. Hoja hiyo haitokani na mapenzi ya vitu vya kale. Inatokana na haja ya kumfanya kijana aelewe jambo moja lililo kiini cha elektroniki yote: kwamba nguvu ndogo yaweza kuiongoza nguvu kubwa bila ya kuizaa.

Pengo kati ya mada mbili

Muhtasari wa fizikia wa kidato cha nne uliotumika nchini kwa miaka mingi ulikuwa na mada mbili zilizofuatana. Ya kwanza ni utoaji wa elektroni kwa joto. Humo mwanafunzi hufundishwa kwamba chuma kikipashwa moto wa kutosha hutoa elektroni, kwamba elektroni hizo zikiwa ndani ya ombwe huvutwa na bamba lenye chaji chanya, na kwamba mionzi ya kathodi na eksirei hupatikana kwa njia hiyo. Mada ya pili ni elektroniki yenyewe. Hapo mwanafunzi hukutana na nusu-vipitishi, diodi, transista na kikuzaji cha hatua moja.

Kati ya mada hizo mbili pana pengo. Mwanafunzi huiacha kathodi ikitoa elektroni ndani ya ombwe, halafu ghafula hujikuta ndani ya kipande cha silikoni chenye tabaka tatu, akiambiwa kwamba kipande hicho "hukuza". Hakuna aliyemwonyesha jinsi binadamu alivyotoka katika hali ya kwanza hadi kufika katika hali ya pili. Kilichorukwa ni gridi.

Matokeo yake yanajulikana kwa mwalimu yeyote aliyesahihisha madaftari. Mwanafunzi huandika kwamba transista hukuza mawimbi, naye hupata alama. Akiulizwa nishati ya ziada imetoka wapi, hukaa kimya, au husema kwamba imetoka ndani ya transista. Jibu la namna hiyo linapingana na kanuni ya uhifadhi wa nishati ambayo mwanafunzi huyo huyo ameikariri tangu kidato cha kwanza. Basi kosa si dogo. Ni kosa la kuamini muujiza katikati ya somo la sayansi.

Waya uliopindwa mwaka 1906

Historia ya gridi ni fupi, tena ni yenye mafunzo. Katika miaka ya 1880 Thomas Edison wa Marekani aliona kwamba ndani ya globu ya umeme mkondo waweza kupita katika nafasi tupu kutoka kwenye uzi uliopata moto kwenda kwenye bamba la chuma lisiloguswa na uzi huo. Hakuona matumizi makubwa ya jambo hilo. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming, aliyekuwa mshauri wa kampuni ya Marconi, alilitumia kutengeneza kifaa chenye elektrodi mbili: kathodi ya moto na anodi ya baridi. Kifaa hicho, yaani diodi, kilipitisha mkondo upande mmoja tu, kama vali ya pampu ya maji inavyoruhusu maji kwenda upande mmoja. Ndiyo maana globu za aina hiyo zikaitwa valvu, na ndiyo maana mafundi wa zamani wa Afrika Mashariki walizungumza juu ya "redio za valvu".

Diodi ilifaa kutambua mawimbi ya redio, lakini haikuweza kuyakuza. Mwishoni mwa mwaka 1906 Lee De Forest wa Marekani aliingiza elektrodi ya tatu kati ya kathodi na anodi. Haikuwa bamba, bali waya mwembamba uliopindwapindwa ili elektroni zipate kupenya katika nafasi zake. Hati yake ya haki ya uvumbuzi ilitolewa mwaka 1908. Elektrodi hiyo ikaitwa gridi, neno ambalo asili yake katika Kiingereza ni ule wavu wa chuma wa kuchomea nyama. Kwa hiyo, mwanafunzi anayepita jioni mahali panapochomwa nyama, iwe Dodoma mjini au Kibaigwa, huiona picha halisi ya jina hilo: vyuma vimepangwa kwa nafasi, na moto hupenya katikati yake.

Lakini De Forest mwenyewe hakukielewa vema kifaa alichokiunda. Alidhani kwamba gesi kidogo iliyobaki ndani ya globu ilikuwa ya lazima. Kijana mmoja, Edwin Howard Armstrong, ndiye aliyekaa na kupima volti na mkondo, akachora grafu, na mwaka 1914 akachapisha maelezo sahihi ya jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Wakati huo huo Irving Langmuir na Harold Arnold, kila mmoja katika maabara yake, walionyesha kwamba gesi ni adui, na kwamba ombwe likiwa kamili zaidi valvu hufanya kazi kwa uthabiti. Mwaka 1915 simu ikapigwa kutoka New York hadi San Francisco kwa msaada wa vikuzaji vya valvu vilivyowekwa njiani. Hapa pana fundisho ambalo kila mwalimu wa fizikia angependa wanafunzi wake walishike: mvumbuzi aliikisia kazi ya chombo chake, lakini aliyekuja kuieleza ni yule aliyepima na kuchora grafu.

Mtoto mlangoni pa zizi

Je, gridi hufanyaje kazi? Mfano wa uwanda wa kati unatosha. Asubuhi ng'ombe wa Mgogo wanataka kutoka zizini kwenda malishoni. Wana nguvu nyingi, na kinachowavuta ni majani na maji yaliyoko mbali. Mlangoni amesimama mtoto wa miaka minane mwenye fimbo. Mtoto huyo hawasukumi ng'ombe, wala hana nguvu ya kumsukuma hata mmoja wao. Akiinyosha fimbo mbele ya mlango, kundi linapungua mwendo. Akiiinua kabisa, kundi linamiminika. Nguvu inayoonekana katika kundi ni ya ng'ombe wenyewe. Kazi ya mtoto ni kuamua wangapi wapite, na wakati gani.

Katika valvu yenye elektrodi tatu, iitwayo triodi, kathodi ndiyo zizi. Katika valvu nyingi za redio kathodi hupakwa oksidi za bariamu na strontiamu, nayo hupashwa moto hadi kuwa nyekundu. Elektroni zinazotoka hukusanyika mbele yake kama wingu lenye chaji hasi, na wingu hilo huzirudisha nyuma elektroni nyingine. Anodi, yenye volti 100, 200 au zaidi, ndiyo malisho ya mbali: huzivuta elektroni kutoka katika wingu hilo. Gridi iko katikati, lakini karibu sana na kathodi, pengine kwa umbali usiofika milimita moja. Ikipewa volti hasi kidogo, huzisukuma elektroni zirudi, kwa kuwa chaji zinazofanana hufukuzana. Ikipunguziwa volti hizo, elektroni nyingi zaidi hupenya katika matundu yake na kufika kwenye anodi.

Mambo mawili yapaswa kutiliwa mkazo. La kwanza ni umbali. Kwa kuwa gridi iko karibu na kathodi, tena huikinga kathodi isiuhisi vema uga wa umeme wa anodi, badiliko dogo la volti za gridi lina athari kubwa kuliko badiliko lile lile likifanywa kwenye anodi. La pili ni kwamba gridi yenye volti hasi haipokei elektroni. Takriban mkondo wote unakwenda kwenye anodi. Hivyo chanzo cha mawimbi, iwe ni waya wa antena au kipaza sauti, hakitakiwi kutoa nguvu ya maana. Kinatakiwa kutoa amri tu.

Mfano wa zizi una mpaka wake, na mwalimu mwangalifu atausema. Ng'ombe hawafukuzani kama elektroni, wala fimbo haina uga wa umeme. Lakini kwa jambo moja kubwa, yaani kutenganisha anayeamuru na anayetoa nguvu, mfano huo hauna kasoro.

Hesabu ndogo

Valvu iliyopata kuenea duniani kote kwa jina la ECC83 yafaa kuwa mfano wa hesabu. Ndani yake mna triodi mbili. Kila moja, ikipewa volti 250 kwenye anodi na volti 2 hasi kwenye gridi, hupitisha mkondo wa miliampia 1.2. Volti za gridi zikibadilishwa kwa nusu volti, mkondo hubadilika kwa takriban miliampia 0.8. Ili kupata badiliko hilo hilo kwa kuigusa anodi peke yake, ingebidi volti zake zibadilishwe kwa 50. Nusu volti kwa volti 50 ni moja kwa 100. Namba hiyo 100 ndiyo huitwa kizidisho cha valvu.

Sasa mkondo wa anodi upitishwe katika rezista ya omu 100,000. Kila mkondo unapobadilika, volti zilizo kwenye rezista nazo hubadilika. Ukinzani wa ndani wa valvu yenyewe ni kama omu 62,500, na kwa hiyo ukuzaji ni 100 mara 100,000, ikigawanywa kwa 162,500. Jibu ni 61 na kitu. Mawimbi ya volti 0.02 yanayoingia kwenye gridi hutoka yakiwa na zaidi ya volti 1.2. Mwanafunzi aulizwe tena: nishati ya ziada imetoka wapi? Safari hii jibu liko mbele ya macho yake. Imetoka katika betri au mtambo uliotoa zile volti 250. Gridi haikuzaa chochote. Muujiza umekwisha na sayansi imerudi.

Kutoka gridi moja hadi tatu

Triodi ilikuwa na kasoro. Gridi na anodi, zikiwa vyuma viwili vinavyotazamana, hufanya kapasita ndogo. Kwa mawimbi ya redio yenye marudio makubwa, kapasita hiyo hurudisha sehemu ya mawimbi kutoka anodi hadi gridi, na kikuzaji huanza kupiga miluzi chenyewe. Dawa iliyopatikana ni gridi ya pili, iliyowekwa kati ya gridi ya kwanza na anodi ili kuwa kinga. Walter Schottky wa Ujerumani alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulifikiria jambo hilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka ya 1920 valvu hizo, yaani tetrodi, zikaingia sokoni.

Lakini dawa hiyo nayo ilileta ugonjwa wake. Elektroni zinazoigonga anodi kwa kasi huibandua elektroni nyingine, na hizo zikakimbilia gridi ya pili badala ya kurudi kwenye anodi. Mwaka 1926 Bernard Tellegen, katika maabara ya Philips huko Uholanzi, akaongeza gridi ya tatu ili kuzirudisha nyumbani. Ikawa pentodi, valvu iliyokuja kutawala katika redio za majumbani. Gridi tatu, kasoro tatu, na kila kasoro imepata jibu lake kwa kufikiri juu ya chaji na uga. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi uhandisi unavyokwenda mbele.

Sauti iliyofika uwanda wa kati

Watu wa Dodoma, Singida na Tabora walinufaika na gridi hiyo hata kama hawakuiona kwa macho. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, Shirika la Utangazaji la Tanganyika lilipoundwa mwaka 1956, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilipochukua nafasi yake mwaka 1965, mitambo mikubwa ya kurushia matangazo popote duniani ilikuwa ni ya valvu. Transista za wakati huo hazikuweza kubeba nguvu ya makumi ya kilowati. Mwaka 1973, wakati vikundi vya wasikilizaji vilipokusanyika vijijini kusikiliza vipindi vya kampeni ya "Mtu ni Afya", kampeni iliyowahusisha watu wapatao milioni 2, redio iliyowekwa katikati ya kikundi ilikuwa aghalabu ya transista, lakini sauti yenyewe ilirushwa angani kwa mitambo ya enzi ya gridi. Ndivyo yalivyokuwa pia matangazo ya mawimbi mafupi yaliyotumwa kusini mwa Afrika kwa ajili ya vyama vya ukombozi, ambavyo wapiganaji wake walikuwa na kambi Kongwa kuanzia mwaka 1964.

Haki itendeke kwa transista pia. Redio ya valvu ilikuwa mzigo kwa mtu wa kijijini. Kathodi zake zilihitaji kupashwa moto muda wote, na anodi zake zilihitaji volti nyingi. Mwaka 1949 katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya bei nafuu iliyoitwa "redio ya sufuria" kwa sababu ya umbo la kasha lake. Ilikuwa na valvu nne za kutumia betri, na betri yake kubwa ilidumu takriban saa 300. Kwa wakati ule yalikuwa maendeleo makubwa. Hata hivyo transista, iliyovumbuliwa mwezi Desemba mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, iliuondoa mzigo huo kabisa. Haikuwa na uzi wa kupashwa moto. Redio ikaweza kubebwa begani na kuendeshwa kwa betri ndogo za dukani. Hakuna mtu mwenye busara anayeweza kutaka siku za redio ya valvu zirudi.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni hilo hilo: kwa nini kufundisha kitu kilichopitwa na wakati? Jibu ni kwamba kilichopitwa ni globu ya kioo, wala si wazo. Katika simu ambayo mwanafunzi huichezea mkononi mna mabilioni ya transista, na karibu zote ni za aina inayoongozwa na uga wa umeme. Transista ya aina hiyo, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza na Mohamed Atalla na Dawon Kahng katika maabara za Bell karibu na mwaka 1960, ina sehemu tatu: chanzo, mfereji na lango. Chanzo ni ndugu wa kathodi, mfereji ni ndugu wa anodi, na lango ni ndugu wa gridi. Lango limetengwa na silikoni kwa tabaka jembamba lisilopitisha umeme. Halipokei mkondo wa maana, bali huongoza mkondo wa wengine kwa volti zake. Tofauti iko katika mazoea: gridi kwa kawaida huzuia kwa volti hasi, na lango la aina iliyozoeleka hufungua kwa volti chanya. Lakini aliyeielewa gridi hatashindwa na lango.

Hapa ndipo panapodhihirika upungufu wa njia ya sasa. Transista inayofundishwa katika kidato cha nne ni ya aina ya zamani zaidi, ambayo huongozwa na mkondo mdogo unaoingia katika sehemu yake ya kati. Transista hiyo ni muhimu, na fundi wa redio bado anaihitaji. Hata hivyo si hiyo iliyojaa ndani ya simu na kompyuta. Kwa mwanafunzi atakayekwenda kusoma uhandisi au sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dodoma au kwingineko, gridi ni maandalizi mazuri zaidi ya kulielewa lango kuliko transista hiyo ya kidato cha nne.

Pingamizi la pili ni la muda. Vipindi ni vichache, mitihani iko karibu, na walimu wa fizikia hawatoshi. Pingamizi hili ni zito, na halifai kupuuzwa. Lakini kinachoombwa si mada mpya. Kinachoombwa ni daraja fupi kati ya mada mbili zilizokwisha kuwapo. Kipindi kimoja chatosha kueleza triodi na kufanya hesabu iliyotajwa hapo juu. Kipindi cha pili, kikipatikana, kitumike kuchora grafu. Muda huo utarudishwa wakati wa kufundisha kikuzaji, kwani mwalimu hatalazimika kulipigania upya wazo la udhibiti. Endapo hali ni mbaya kiasi kwamba pana nafasi ya kimoja tu, gridi au transista, basi transista ifundishwe. Ila hali hiyo isichukuliwe kuwa ya kawaida, na kwa kuwa mtaala ulioboreshwa ulianza kuingia madarasani kwa awamu mwaka 2024, huu ni wakati unaofaa wa kulifikiria jambo hili.

Pingamizi la tatu ni la usalama, na lina haki kabisa. Redio ya valvu ina volti zinazoweza kuua. Televisheni ya zamani, ile ambayo watu huiita ya chogo, huwa na volti elfu nyingi kwenye bomba lake, na kapasita zake zaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani. Mwanafunzi asiruhusiwe kamwe kufungua vyombo hivyo, na mwalimu asiye na ujuzi wa kazi hiyo naye asijaribu.

Kifaa kilichomo tayari maabarani

Kwa bahati njema hakuna haja ya kufungua chochote. Shule yenye oskiloskopi ya zamani, ya bomba la kioo, inayo gridi inayofanya kazi. Ndani ya bomba hilo, mbele ya kathodi, pana gridi yenye umbo la kikombe chenye tundu dogo badala ya wavu. Kitufe cha mng'ao kilichoko nje ya oskiloskopi ndicho kinachobadilisha volti kati ya gridi hiyo na kathodi. Mwalimu akikizungusha kitufe upande mmoja, gridi huwa hasi zaidi, elektroni zinazopita hupungua, na doa la mwanga hufifia hadi kutoweka. Akikizungusha upande wa pili, doa hurudi. Kwa miaka mingi wanafunzi wamekizungusha kitufe hicho bila ya kuambiwa kwamba wameshika fimbo ya mtoto wa zizini.

Pasipo na oskiloskopi, picha ya televisheni ya chogo inayowashwa kwa kawaida yatosha kwa maelezo. Kila sehemu yenye weupe au weusi katika picha yake ilitokana na volti zilizobadilika kati ya gridi na kathodi mamilioni ya mara kwa sekunde. Televisheni hizo zinaondoka upesi. Dodoma ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza nchini kuzimiwa matangazo ya analojia, mapema mwaka 2013, na tangu hapo skrini bapa zimezidi kuenea. Baada ya miaka michache kifaa cha mwisho chenye gridi katika nyumba ya kawaida kitakuwa kimekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa hiyo pendekezo la pili ni la uhifadhi. Katika nyumba za wazee, na katika stoo za misheni na shule kongwe za uwanda wa kati, huenda bado zimo redio za valvu zenye kasha la mbao. Shule ikipata moja, isiwashwe. Iwekwe kabatini, kifuniko cha nyuma kiondolewe na fundi anayejua kazi yake, na valvu moja iliyokufa itolewe ili ipitishwe mikononi mwa wanafunzi. Kioo chake huonyesha kila kitu: uzi wa moto, mrija wa kathodi, waya wa gridi uliozungushwa kwa usawa, na bamba la anodi lenye rangi ya kijivu. Hakuna transista wala saketi unganishi inayoweza kujionyesha hivyo kwa jicho tupu.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Taifa linaloagiza vyombo vyake vya elektroniki kutoka nje laweza kuridhika na vijana wanaojua kubonyeza vitufe. Au laweza kudai vijana wanaojua kilichomo nyuma ya kitufe. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, haikumaanisha jembe peke yake. Ilimaanisha pia akili inayouliza na kufikia jibu lake yenyewe. Mwanafunzi anayejua kwamba kikuzaji hakizai nishati ameanza kuuliza. Mwanafunzi anayeiona gridi ndani ya kioo, akauona mwanga wa oskiloskopi ukitii volti chache, kisha akaikokotoa namba 61 kwa kalamu yake, amelifikia jibu lenyewe. Kwa kumfikisha hapo, dakika 80 za masomo si gharama kubwa.